Somo la ufugaji: Mbwa wa ulinzi amekonda. Tumnoneshe namna gani?



Mara nyingi tunasema hapa juu ya mihogo, mahindi, mbuzi na kuku. Safari hii tunataka kusema juu ya mfanyakazi mmoja ambaye jina lake halimo katika daftari ya koperative, hapati mshahara, lakini usiku kucha yuko kazini. Ni mbwa. Huku Piana-Mwanga na vijiji vya kandokando, yeye ndiye anabweka nyani wakiingia katika mahindi. Yeye ndiye anafukuza nguruwe-pori wakija kufukua mihogo usiku. Na mtu asiyejulikana akikaribia mbuzi, wa kwanza kusikia ni yeye.

Sasa tuseme ukweli: wengi wa mbwa hawa wamekonda. Mbavu zao unaweza kuzihesabu ukiwa barabarani. Ukimuuliza mwenye mbwa, mmoja anajibu: "Imbwa yangu inakula kila siku, lakini hainone." Mwingine anasema: "Imbwa ya kulinda inapaswa kukonda. Ikishiba italala."

Jibu la pili si kweli. Mbwa mwenye njaa halindi shamba, analinda tumbo lake. Usiku anatoka kutafuta chakula. Anaingia jikoni mwa jirani, anakula mayai ya kuku wake, anaiba ndagala zilizoanikwa. Maneno yanafika kwa shefu wa kijiji, unalipa, na mara nyingi mwisho mbwa anauawa kwa fimbo au kwa sumu. Na shamba linabaki bila mlinzi wiki ile ile mahindi yanakomaa.

Jibu la kwanza, "inakula lakini hainone", ndilo tunataka kulichunguza leo. Neno kubwa la somo hili ni moja: tafuta sababu kwanza, chakula kifuate. Ukimwongezea chakula mbwa mwenye minyoo, umelisha minyoo.

1. Amekonda kweli? Mpime kwa mkono

Mbwa wetu wa kijiji kwa asili ni mwembamba, ana miguu mirefu na tumbo lililoingia ndani. Usitake afanane na mbwa wa picha. Tumia mkono wako namna hii:

Fumba ngumi. Pitisha kidole cha mkono mwingine juu ya vifundo vya ngumi. Kama mbavu za mbwa zinasikika hivyo, mifupa mitupu, amekonda sana.

Fungua mkono na unyooshe vidole. Pitisha kidole juu ya mgongo wa mkono. Mifupa unaisikia, lakini kuna nyama kidogo juu yake. Mbavu zikisikika hivyo, mbwa yuko sawa.

Geuza mkono, pitisha kidole katika kiganja. Kama mbavu zimefichika hivyo, mbwa amenona kupita kiasi. Huku kwetu hiyo ni nadra.

Angalia pia mgongo na nyonga. Mifupa ya kiuno ikichomoza kama vigingi na misuli ya mapaja imeisha, hali ni mbaya.

Halafu mpime kilo. Mizani tunayopimia mahindi inatosha. Panda mizani wewe mwenyewe, andika kilo zako. Beba mbwa, panda tena. Toa kilo zako, zinazobaki ni zake. Andika tarehe. Bila namba hii hutajua kama kazi yako inaendelea, na dawa hutajua kuipima.

2. Kwa nini amekonda?

Hizi ndizo sababu tunazokuta zaidi. Zipitie moja moja.

Chakula hakitoshi, au ni cha aina moja tu. Mbwa anayepewa bukari ya muhogo peke yake anajaza tumbo, lakini misuli haijengi. Unga wa muhogo una nguvu ya mwili nyingi, ila vyakula vya kujenga mwili (protini) ni karibu hakuna. Huyu ndiye mbwa ambaye "inakula lakini hainone".

Minyoo. Kuna minyoo mirefu ya duara, kuna minyoo midogo yenye ndoano inayofyonza damu, na kuna tegu. Dalili: tumbo limevimba kama ngoma lakini mgongo ni mifupa, manyoya hayang'ai, kuharisha, au vipande vyeupe kama punje za mchele karibu na mkundu. Tegu wa punje hizo anapitia kwa viroboto. Kwa hiyo ukitibu tegu na kuacha viroboto, atarudi tena.

Kupe na viroboto. Wanafyonza damu, na kupe wanaleta magonjwa ya damu. Angalia ndani ya masikio, katikati ya vidole na chini ya mkia.

Ugonjwa wa tsetse. Inzi anayeleta ugonjwa wa usingizi kwa watu na nagana kwa ng'ombe anamuuma mbwa pia, zaidi mbwa anayeenda porini kuwinda. Mbwa anakuwa na homa, anaishiwa damu, uso unaweza kuvimba, na macho yanaweza kuwa meupe kama yamefunikwa na ukungu. Ukiona kukonda pamoja na macho ya ukungu, usipoteze wakati kwa chakula tu. Mbwa huyu anahitaji muganga wa nyama.

Ananyonyesha. Mbwa mwenye watoto anahitaji chakula mara mbili hadi tatu kuliko siku za kawaida. Kukonda kwake si ugonjwa, ni deni la maziwa.

Meno na uzee. Fungua midomo polepole. Jino lililovunjika au fizi yenye usaha inazuia kutafuna.

Hapo hapo ukiwa umeinua mdomo, angalia rangi ya fizi. Fizi nzima ni za rangi ya waridi. Zikiwa nyeupe kama karatasi, damu imepungua. Inaweza kuwa minyoo yenye ndoano, kupe au tsetse. Lakini sikiliza vizuri: usifungue mdomo wa mbwa ambaye tabia yake imebadilika. Jambo hili tunalieleza mbele.

3. Dawa ya minyoo: kwa kilo, si kwa kukisia

Mbwa mkubwa apewe dawa ya minyoo kila miezi mitatu. Mtoto wa mbwa aanze akiwa na wiki mbili, halafu kila wiki mbili mpaka afikishe miezi miwili. Watoto wa mbwa wanaweza kupata minyoo tangu tumboni mwa mama yao na katika maziwa, ndiyo maana tunaanza mapema hivyo.

Dawa zinazotumika kwa mbwa ni kama pirantel kwa minyoo ya duara na ile yenye ndoano, na prazikwantel kwa tegu. Fenbendazol inapewa miligramu 50 kwa kila kilo ya mbwa, kila siku, kwa siku 3 zinazofuatana. Mbwa wa kilo 12 basi anapata miligramu 600 kwa siku. Muulize muganga wa nyama wa teritware ipi iko, na usome karatasi ya dawa kabla ya kulipa.

Kosa linaloua mbwa wengi ni kuwapa dawa ya mbuzi au ya ng'ombe "kidogo tu". Ivermectine ya sindano ya ng'ombe ni kali sana. Matone machache ya ziada yanatosha kumlaza mtoto wa mbwa asiamke. Levamisole nayo, kipimo kinachotibu mbwa na kipimo kinachomdhuru viko karibu sana. Sindano ya ugonjwa wa tsetse ni hivyo hivyo. Dawa hizo aziguse mtu anayejua kupima.

Siku tatu baada ya dawa, okota kinyesi cha mbwa kwa jembe na ukifukie mbali na kisima na mbali na pahali watoto wanachezea.

4. Chakula: "Batoto hawajashiba, nipe imbwa ndagala?"

Swali hili akina mama wanauliza, na ni swali la haki. Hatusemi mbwa ale kabla ya mtoto. Hakuna somo linaloweza kusema hivyo. Tunasema tuhesabu vizuri.

Tuchukue mfano. Mbwa wako ana kilo 12, na ukimwangalia urefu wake anapaswa kuwa na kilo 15. Chakula kipimwe kwa kilo 15, ile unayoitafuta. Kwa siku moja:

- unga wa mahindi gramu 200, upikwe kama uji mzito au bukari laini;
- ndagala kavu gramu 50;
- mafuta ya mawese, kijiko kimoja cha supu;
- maji safi, wakati wote.

Kama unga ni wa muhogo, ongeza ndagala zifike gramu 80, kwa sababu muhogo haujengi mwili kama mahindi. Ndagala za ziwa zinaanikwa mara nyingi juu ya mchanga. Zioshe na maji ya moto mara mbili, kisha zichemshe. Mbwa azile nzima na mifupa yake midogo, ndani yake kuna chokaa ya kukomaza mifupa. Usitumie zenye chumvi nyingi.

Kwa mwezi hiyo ni kilo 6 za unga na kilo moja na nusu ya ndagala. Sasa mwanachama afanye hesabu yake: nguruwe-pori wakiingia usiku mmoja, wanabakiza nini? Kila koperative ina jibu lake, na tunawaomba mliandike.

Halafu, si lazima yote yatoke katika chungu cha watoto. Mahali pa ndagala nzima unaweza kutumia:

- vichwa vya samaki na vipande vya ndagala vilivyovunjika chini ya gunia;
- utumbo wa kuku na damu ya mbuzi, vikichemshwa vizuri;
- ukoko wa bukari uliobaki chunguni, ukilowekwa katika maji ya samaki;
- maharagwe au soya, ikipikwa mpaka ilainike kabisa;
- yai lililovunjika lisilouzika, likichemshwa.

Na kuna njia ya koperative. Familia tano ambazo mashamba yao yanagusana hazihitaji mbwa kumi waliokonda. Mbwa mmoja au wawili wenye nguvu wanatosha. Kwa mbwa mmoja, kila familia itoe kilo moja na gramu 200 za unga na gramu 300 za ndagala kwa mwezi. Mgonjwa akiwa mmoja, dawa wanalipa watano.

5. Mwongezee polepole: siku kumi za kwanza

Mbwa aliyekaa na njaa siku nyingi, tumbo lake limesahau kazi. Ukimwekea sahani kubwa siku ya kwanza kwa huruma, atatapika, ataharisha, na kama alikuwa amekonda sana anaweza hata kufa. Mwili uliozoea njaa ukipokea chakula kingi ghafla, madini katika damu yanavurugika na moyo unadhoofika. Kwa hiyo:

Siku ya 1 na ya 2: robo ya chakula cha siku, kigawanywe mara 4. Uji laini na ndagala, bila mawese.

Siku ya 3 hadi ya 5: nusu ya chakula, mara 3 au 4. Ongeza nusu kijiko cha mawese kama haharishi.

Siku ya 6 hadi ya 8: robo tatu ya chakula, mara 3.

Siku ya 9 na kuendelea: chakula chote, mara 2 au 3. Kijiko kizima cha mawese.

Dawa ya minyoo mpe akiisha kupata nguvu kidogo, kama siku ya 4 au ya 5. Mbwa dhaifu mno hapendi dawa siku ile ile anaanza kula. Kama kinyesi kinakuwa maji, rudi nyuma hatua moja kwa siku mbili.

Mpime kila wiki, siku ile ile, kabla hajala. Akiongeza gramu 200 hadi 300 kwa wiki, mko katika njia nzuri. Kutoka kilo 12 kwenda kilo 15 ni miezi mitatu hivi, pengine minne. Usitafute muujiza wa wiki mbili. Wakati huo usimpeleke kuwinda. Atembee polepole asubuhi na jioni, ili kinachoongezeka kiwe misuli.

Baada ya wiki tatu za chakula chote na dawa, mizani haijasogea? Basi sababu si njaa. Mpeleke kwa muganga wa nyama.

6. Hivi usimpe

Mahindi na kalanga zenye ukungu. Kuna wanaosema: "Zimeoza, zipe imbwa." Hapana. Ukungu huo unatoa sumu inayoitwa aflatoksini, inayoharibu ini, na mbwa ni kati ya nyama zinazodhurika nayo upesi. Watu pia inawaua. Mwaka 2004 huko Kenya, zaidi katika wilaya za Makueni na Kitui, mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125. Kupika hakuiondoi. Chakula chenye ukungu kifukiwe.

Muhogo mchungu usiolowekwa, pamoja na maganda yake mabichi. Una sumu. Uloweke na uanike kama unavyofanya kwa chakula cha nyumbani.

Vitunguu, vibichi au vilivyopikwa. Vinavunja damu ya mbwa. Sombe au mchuzi wenye vitunguu usiumwage katika sahani yake.

Mifupa ya kuku iliyopikwa. Inapasuka kama sindano na kutoboa utumbo.

Makapi ya pombe na ya lutuku. Pombe ni sumu kwa mbwa.

Ini na mapafu mabichi ya mbuzi, zaidi yakiwa na vifuko vya maji. Katika vifuko hivyo kuna mbegu ya tegu. Mbwa akila, tegu anakua ndani yake, mayai yanatoka na kinyesi, mbuzi wanayala katika majani, na mtu anaweza kuyala katika mboga au kwa mikono michafu. Kichwa cha mbuzi kina mbegu ya tegu mwingine anayekaa katika ubongo, ndiyo sababu mojawapo ya mbuzi anayezungukazunguka pahali pamoja. Siku ya kuchinja, funga mbwa. Vilivyo na vifuko vichomwe au vifukiwe kwenye shimo refu. Kwa hiyo kumlisha mbwa vizuri ni kulinda mbuzi wa koperative.

7. Watoto wetu na kichaa cha mbwa

Mayai ya minyoo ya mbwa yanakaa katika udongo muda mrefu. Minyoo yenye ndoano inaingia kwa ngozi ya mtoto anayetembea miguu mitupu na kuacha mistari inayowasha. Watoto wanawe mikono kwa sabuni baada ya kucheza na mbwa. Sahani ya mbwa iwe yake peke yake.

Na sasa lile tuliloahidi. Mbwa amekonda, hali, udenda unatoka, taya limelegea, ni kama mfupa umemkwama. Mwenyewe kwa upendo anaingiza mkono mdomoni kuutafuta. Hakuna mfupa. Ni kichaa cha mbwa. Mtu anaambukizwa kwa mate, yakiingia katika jeraha, na dalili zikishaanza kwa mtu karibu hakuna anayepona.

Basi mbwa ambaye amebadilika ghafla, mpole amekuwa mkali au mkali amekuwa mpole kupita kawaida, hawezi kumeza, anayumba, sauti imebadilika, usimguse na usimlazimishe kula. Weka watoto mbali na ujulishe shefu na muganga wa nyama. Akimuuma mtu, osha jeraha palepale kwa maji mengi na sabuni dakika 15, kisha nenda sante siku ile ile kuuliza chanjo. Usingoje kuona kama mbwa atakufa.

Kinga ni chanjo. Mbwa achanjwe akifikisha miezi mitatu, na kurudia kila mwaka. Tarehe 28 Septemba kila mwaka ni Siku ya Dunia ya kupambana na kichaa cha mbwa. Koperative inaweza kuuliza mapema huko Kalemie kama kuna chanjo, na kukusanya mbwa wote wa kijiji siku moja, ili muganga asije kwa ajili ya mbwa mmoja.

8. Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Katika familia zetu kuna mbwa wangapi? Wangapi mbavu zao ni kama ngumi?
2. Msimu uliopita, nyama za porini ziliharibu kiasi gani? Kilo 6 za unga kwa mwezi ni ghali au ni rahisi kuliko hasara hiyo?
3. Siku ya kuchinja, nani anahakikisha ini lenye vifuko halitupwi kwa mbwa?
4. Familia zipi zinaweza kuungana kulisha mbwa mmoja?
5. Nani atashika daftari ya kilo, dawa na chanjo?

Kazi ya nyumbani: kabla ya mkutano ujao, kila mwanachama apime mbwa wake kwa mkono na kwa mizani, aandike namba. Mje nazo. Baada ya miezi mitatu tutazisoma tena pamoja, na tutaona mbwa wa nani amerudi kazini.